Sura ya Tano: Mashua Iliyozama Usiku

Mashua ilizama usiku, ikiwa imefungwa kando ya mto. Ilikuwa mwaka 1951, kwenye mto Ruiki, unaoingia Lualaba kusini mwa mji ambao Wabelgiji waliuita Stanleyville na ambao leo ni Kisangani. Kwa bei ya sokoni mashua ile haikuwa kitu. Lakini karibu filamu nzima ya The African Queen ilitegemea ionekane ikielea: nahodha mlevi, mwanamke mcha Mungu, bomba la moshi na mto. Humphrey Bogart na Katharine Hepburn walikuwa wamevuka bahari kuja kukaa juu ya mbao zile, na kulipopambazuka mbao zenyewe zilikuwa chini ya maji.

Karakana ya meli haikuwa jirani. Kilichokuwapo ni kamba, na wanaume wa vijiji vya pale Biondo waliokuwa wameajiriwa kujenga kambi na kubeba mizigo. Hao ndio walioivuta mashua. Matundu yakazibwa, maji yakakombwa, na baada ya siku kadhaa kamera ikawashwa tena.

Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi, na karibu kila mara kwa kicheko. Muongozaji wa filamu, John Huston, alipenda kukieleza hivi: mlinzi aliagizwa aiangalie mashua, naye akaiangalia hadi ikazama. Kila ninapokutana na simulizi hiyo hujiuliza maswali ambayo wasimuliaji hawakuyauliza. Mlinzi aliagizwa kwa lugha gani? Alipewa ndoo? Aliambiwa amwamshe nani maji yakianza kuingia, na je, mtu wa Kongo ya mwaka 1951 aliruhusiwa kwenda kugonga mlango wa Mzungu saa nane za usiku? Yeyote aliyewahi kufanya kazi kwenye seti anajua kwamba ajali nyingi huanzia hapo hapo: agizo limetolewa, wakubwa wameridhika kwamba limeeleweka, na aliyelipokea hana kifaa wala ruhusa ya kulitimiza.

Mtazamaji akiketi ukumbini huona hadithi inayotiririka toka mwanzo hadi mwisho. Walioitengeneza hawakuiona hivyo hata siku moja. Filamu hupigwa vipande vipande bila kufuata mpangilio wa hadithi. Mazishi yanaweza kupigwa Jumatatu na posa Alhamisi, kwa sababu tu nyumba imekodiwa kwa wiki moja, au mwigizaji fulani anapatikana siku tatu tu. Ratiba hufuata mahali, mwanga na mikataba ya watu. Na kila siku ina gharama yake, inayolipwa hata kama hakuna kilichopigwa. Posho ya fundi taa haingoji mvua ikatike, jenereta limekodiwa kwa siku, chakula cha watu wote kimeshapikwa. Ndiyo maana jambo dogo huweza kusimamisha kila kitu: betri iliyosahaulika gesti, mwenye nyumba aliyebadili mawazo asubuhi ile ile, vipaza sauti vya mkutano wa injili mtaa wa pili. Waliowahi kushuti Sinza, Dar es Salaam, au River Road, Nairobi, wanazijua siku za namna hiyo.

Nimesoma kumbukumbu nyingi za watu wa filamu, na naamini kuna swali moja linalookoa kazi mambo yakiharibika: mtazamaji anahitaji kuona nini hasa? Mpango huwa umejaa mambo. Picha ina mambo machache tu. Anayeweza kutenganisha hayo mawili, jua likiwa linazama na watu wamechoka na mtayarishaji anatazama saa, ndiye anayeokoa siku. Mara nyingi si yule ambaye jina lake ni kubwa kuliko yote kwenye bango.

Turudi mtoni. Mashua ya kwenye hadithi ni ndogo. Ilibidi ichukue waigizaji wawili, injini inayofuka moshi, kuni, na juu ya hayo yote kamera. Kamera ya Technicolor ya wakati ule haikuwa kitu cha kuweka begani. Ndani yake zilipita filamu tatu kwa mpigo, kila moja ikipokea sehemu yake ya rangi, na ikishavishwa kasha la kuzuia mlio wake, mashine nzima ilikuwa kubwa kama jokofu. Ilidai mwanga mwingi kupita kiasi. Chini ya miti ya msitu wa Kongo, ambako jua hupenya kwa mabaka, mwanga mwingi ulimaanisha taa kubwa. Taa kubwa zilimaanisha jenereta. Jenereta lilimaanisha ngurumo, na ngurumo ingeingia kwenye kila neno la Hepburn.

Jawabu lao lilikuwa msafara wa vyelezo. Juu ya chelezo kimoja walijenga mfano wa mashua, ili kamera iweze kusogezwa karibu na nyuso za waigizaji bila kuminywa na kingo. Vingine vikabeba kamera, taa, vifaa vya sauti, na jenereta likawekwa mbali kiasi, likiunganishwa kwa kebo. Mkiani kabisa kilikuwapo chelezo cha chumba cha kuvalia cha Hepburn, chenye kioo kirefu. Mashua halisi ndiyo iliyouvuta msafara huo. Mto ulipokuwa umenyooka, kazi ilikwenda. Kwenye kona mkia wote ulichepuka na kwenda kugonga ukingo, na matawi yakazoa vilivyosimama. Haukupita muda, chumba cha kuvalia kikaachwa nyuma, na nyota wa kike wa Hollywood akawa anabadili nguo zake vichakani.

Hapo lile swali lilijibiwa bila mtu kulitamka. Kioo kirefu hakionekani kwenye picha, basi kioo kikaondoka. Taa haionekani, lakini bila taa uso wa Bogart unakuwa kivuli, basi taa ikabaki na watu wakahangaika nayo kwenye kila kona. Mwenye kulibeba swali hilo kila siku alikuwa mpigapicha mkuu, Jack Cardiff, Mwingereza aliyekwisha kushinda Oscar kwa filamu ya Black Narcissus ya mwaka 1947. Milima ya Himalaya inayotisha kwenye filamu hiyo ilitengenezwa Uingereza kwa rangi na brashi, kwenye studio za Pinewood. Kwa hiyo Cardiff alijua kutengeneza uongo unaoaminika. Huku Kongo kazi yake ikageuka: alitakiwa kuwa na ukweli mbele yake, na bado aupunguze, maana msitu mzima hauenei kwenye fremu. Tena alifanya kazi kwa kubahatisha. Filamu zilizopigwa zilipelekwa London kusafishwa, na hapo mtoni hakuna aliyeweza kujua jioni ile kama picha ya mchana imetoka au imeungua.

Kisha kuna suala la watu. Miongoni mwa visa vilivyosimuliwa baadaye ni kwamba wanakijiji walioitwa waje kuigiza hawakutokea, kwa kuwa uvumi ulienea kwamba wageni hawa hula watu. Hicho nacho kimesimuliwa kama kichekesho. Lakini wazee wa bonde lile walikuwa wamezaliwa wakati watu walipolazimishwa kugema mpira chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, wakati Wazungu walipokuja vijijini kukusanya watu na wengi wao wasirudi. Mgeni anapokuja na maboksi ya ajabu, akatangaza kwamba anataka watu wengi mahali pamoja na atawalipa, mtu mwenye kumbukumbu hizo hana sababu ya kukimbilia. Tatizo la aina hii halitatuliwi kwa fedha zaidi. Linahitaji mtu anayeaminiwa pande zote mbili, aende akae, aeleze, ale nao. Seti nyingi hadi leo hukwama kwa kumkosa mtu huyo, huku zina kamera mbili za akiba.

Kambini walivamiwa na siafu. Msomaji wa huku kwetu hahitaji kuelezwa siafu ni nini wala kwa nini mtu hutoka kitandani bila kuuliza. Wageni walijifunza gizani. Kilichosaidia ni kile kile kinachosaidia siku zote, moto na mafuta ya taa kwenye njia ya siafu hao.

Kutoka Kongo kikosi kikahamia Uganda, Butiaba kwenye Ziwa Albert na huko juu kwenye Maporomoko ya Murchison. Sasa walilala ndani ya meli ya zamani, Lugard II, na walidhani taabu imekwisha. Badala yake mmoja baada ya mwingine akaanguka. Kuhara, homa, malaria. Ilikuja kudhihirika kwamba maji waliyokuwa wakinywa hayakuwa salama. Bogart na Huston hawakuugua, na wao wenyewe walisema sababu ni kwamba hawakuyagusa, walikunywa wiski. Hepburn, aliyechukizwa na ulevi wao, alikuwa akinywa maji kwa makusudi ili awaonyeshe mfano. Ndiye aliyeugua vibaya zaidi. Lauren Bacall, mke wa Bogart, ambaye hakuwa na nafasi yoyote kwenye filamu, akawa mpishi na muuguzi.

Tazama tena sini ya mwanzo, ile ya kanisa la misheni. Hepburn yuko kwenye kinanda, anapiga wimbo wa dini, jasho linamtoka, midomo imebana. Ameeleza katika kitabu alichokiandika kuhusu kazi hiyo, kilichotoka mwaka 1987, kwamba ndoo ilikuwa imewekwa karibu naye, nje ya fremu, kwa ajili ya kutapika kati ya teki moja na nyingine. Uso ule umesifiwa kwa miaka mingi kuwa ndio uso halisi wa mmisionari aliyeliwa na joto na upweke. Ni kweli unafaa. Lakini mgonjwa yule alistahili kitanda na daktari, na sioni fahari yoyote katika desturi ya watu wa filamu ya kuhesabu mateso ya mwigizaji kama sehemu ya ustadi wa kazi. Wangeangalia maji kwa umakini ule ule walioiangalia kamera, wasingepoteza siku nyingi hivyo.

Walipoangalia kwa makini, waliamua vizuri. Hadithi inadai mashujaa wake waingie mtoni, waisukume mashua kwenye matete, na Bogart atoke majini akiwa na ruba mwilini. Maji ya Lualaba na ya Nile yana kichocho na mamba. Basi sini za waigizaji kuwa ndani ya maji hazikupigwa Afrika. Zilipigwa kwenye tangi la studio huko Isleworth, London, katika maji yaliyochafuliwa kwa ustadi. Robert Morley, anayeigiza kaka yake Hepburn, hakuwahi kukanyaga Afrika kabisa. Sehemu zake zote zilipigwa Uingereza, na anapoonekana kwa mbali akiwa Afrika, huyo ni mtu mwingine aliyevaa nguo zake. Mtazamaji anamwona Hepburn, Uganda, akizungumza. Anamwona Morley, London, akijibu. Na hajawahi kulalamika.

Uongo huo uliwezekana kwa sababu ya kazi ambayo watazamaji wengi hawajui kama ipo. Inaitwa mwendelezo. Mtu mmoja hukaa kando ya kamera na daftari, na huandika kila kitu: kifungo kipi kilikuwa wazi, sigara ilikuwa imefika wapi, mkono upi ulishika usukani, nywele zililowa kiasi gani, jua lilitoka upande upi. Kwenye The African Queen mtu huyo alikuwa Angela Allen, wakati huo msichana wa miaka ishirini na ushei, aliyekuja kufanya kazi na Huston kwenye filamu nyingi baada ya hapo. Sini moja ilianzia Kongo, ikaendelea Uganda na kumalizikia London miezi kadhaa baadaye, kwa waigizaji waliokwisha kukonda. Kilichozishona sehemu hizo ni maandishi yake. Kama ningeambiwa nimtaje mtu mmoja tu aliyeiokoa filamu ile, ningemtaja yeye kabla ya Huston. Bogart alipata Oscar ya uigizaji bora, ya pekee maishani mwake. Mwendelezo hauna Oscar.

* * *

Wapo waongozaji wanaolijibu lile swali kwa namna nyingine kabisa. Mwishoni mwa mwaka 1960 Howard Hawks alikuja Tanganyika, nchi ikiwa imebakiza mwaka mmoja tu kupata uhuru, akiwa na John Wayne, Hardy Krüger, Elsa Martinelli na wengine, kupiga filamu iliyopewa jina la Kiswahili: Hatari! Inahusu watu wanaokamata wanyama hai kwa ajili ya bustani za wanyama. Makazi ya hadithi yalikuwa Momella, chini ya Mlima Meru, na mshauri wa ukamataji alikuwa Willy de Beer, mkamataji wa kweli wa eneo la Arusha.

Hawks aliamua kwamba mtazamaji lazima aone uso wa Wayne mwenyewe, juu ya gari linaloruka mashimo, mbele yake kifaru wa kweli. Watu wa kuigiza hatari kwa niaba ya nyota wapo kwa ajili ya kazi kama hizo, lakini Hawks alitaka nyota wenyewe wawe garini. Uamuzi huo mmoja ukayavuta mengine yote. Kifaru hapangiwi saa. Haiwezekani kuandika kwamba sini ya 40 twiga atakimbilia kushoto. Kwa hiyo hadithi haikuandikwa ikaisha. Walitoka na magari, wakafukuza, wakapiga picha kilichotokea, na mwandishi, Leigh Brackett, akatafuta namna ya kukiunganisha na maneno ya watu. Kifaru mmoja alipojinasua kamba na kutimka, hawakukata. Waliendelea kumkimbiza, wakamfunga upya, na yote yakaingia kwenye filamu.

Tatizo lililobaki lilikuwa sauti. Injini zilinguruma, na Wayne, akishindana na kamba na mnyama mwenye uzito wa tani, alitoa maneno ambayo hayawezi kusikika kwenye filamu ya familia ya mwaka 1962. Sehemu kubwa ya maneno ya mbugani ilibidi irudiwe studioni.

Matokeo yake ni filamu ndefu, zaidi ya saa mbili na nusu, yenye hadithi iliyofungwa kwa kamba nyepesi, na mbio ambazo sijaona mfano wake popote. Nazitazama kwa hisia mbili. Kumfukuza mnyama kwa gari mpaka pumzi imwishie ni njia iliyokwisha kuachwa, kwa kuwa huweza kumuua mnyama hata baada ya kufunguliwa. Leo hutumika sindano ya usingizi. Na kila gari linaposimama, wanaoruka chini kwanza na kushika mkia, miguu na shingo ni wasaidizi Waafrika. Hatari iliyotangazwa kwenye bango, wao waliibeba mikononi. Majina yao hayakufika kwenye bango hilo.

* * *

Mfano wa tatu unatoka mbali na kwetu, lakini siwezi kuuruka, kwa sababu ni mahali ambapo swali hilo lilijibiwa kwa kulazimishwa na maji ya chumvi.

Mwezi Mei 1974 Steven Spielberg, kijana wa miaka 27, alianza kupiga Jaws katika kisiwa cha Martha's Vineyard, jimbo la Massachusetts. Papa mkubwa anaua watu ufukweni, na wanaume watatu wanaingia baharini kumsaka. Studio ingependa kazi ifanyike kwenye tangi. Spielberg alikataa, akitaka bahari yenyewe. Kisiwa kilichaguliwa kwa sababu maalumu: hata ukisogea mbali na nchi kavu, sakafu ya bahari pale ni mchanga na kina chake si kirefu, kwa hiyo jukwaa la chuma la kumwendesha papa wa mashine lingeweza kulazwa chini huku upeo ukionekana maji matupu.

Papa walitengenezwa watatu, California, chini ya Robert Mattey, fundi mstaafu aliyeombwa kurudi kazini kwa sababu ndiye aliyetengeneza ngisi mkubwa wa filamu ya Disney, 20,000 Leagues Under the Sea. Mmoja alikuwa mzima, wa kukokotwa. Wawili walikuwa nusu nusu: wa kulia na wa kushoto, upande wa pili wazi, mipira ya hewa na vyuma vikining'inia. Kikosi kiliwaita wote Bruce, jina la wakili wa Spielberg. Hawakuwahi kujaribiwa katika maji ya bahari. Waliposhushwa, chumvi ikaingia kwenye mitambo na ngozi ikanywa maji ikavimba. Mmoja akazama moja kwa moja hadi chini. Wiki zikapita papa akiwa karakana.

Bahari nayo ilikuwa na watu wake. Hadithi inasema wanaume hao wako peke yao, mbali na msaada. Ilikuwa majira ya kiangazi, msimu wa matembezi, na mara mashua ya matanga ya mtalii ingekatiza nyuma ya kichwa cha mwigizaji. Wangetuma mtu kwa boti kumwomba asogee. Angesogea kwa saa yake, kwa upepo wake. Wakati huo mkondo umeshaisogeza mashua yao, nanga zinapangwa upya, na mwanga umebadilika. Siku nyingine picha ilipatikana moja tu. Ratiba ya siku 55 ikawa siku 159, na bajeti ikapita mara mbili ya ilivyopangwa. Kisha Orca, mashua ya wasaka papa, ikapasuliwa ubavu wakati ikivutwa kwa ajili ya sini, na kuanza kuzama ikiwa na waigizaji na kamera ndani. Watu waliokolewa. Kamera ilizama. Filamu iliyokuwa ndani yake ikapelekwa haraka maabara New York ikiwa bado imelowekwa majini isikauke na chumvi, na picha zikapona.

Hapo ndipo kila fundi alipoleta jawabu la fani yake. Mpigapicha mkuu, Bill Butler, aliacha miguu ya kamera na kuishika kwa mikono. Bahari huyumba, lakini magoti ya mtu huyumba nayo, na picha inatulia kuliko ikifungwa sakafuni. Akatengeneza pia kasha lisiloingiza maji ili lenzi ikae sawasawa na uso wa bahari, pale ambapo jicho la mtu anayeogelea hukaa. Mwandishi Carl Gottlieb aliandika upya usiku kilichohitajika asubuhi. Na papa asiyepatikana akabadilishwa kwa vitu vinavyopatikana: pezi, gati iliyong'olewa inayoelekea baharini kisha ikageuka kurudi, mapipa ya manjano yaliyofungwa kwa kamba. Pipa likiibuka, mtazamaji anajua nani analivuta. Baadaye John Williams akaleta noti mbili zinazojirudia, nazo zikawa papa mwenyewe.

Mara moja papa wa kweli ndiye aliyeamua. Ron na Valerie Taylor walitumwa kupiga papa weupe huko Australia Kusini. Kwa kuwa papa wa kule ni wadogo kuliko Bruce, walitumia kizimba kidogo na mtu mfupi sana wa kimo ndani yake, ili papa aonekane mkubwa. Siku moja papa alinaswa kwenye kebo za kizimba, akakipigapiga kwa hasira ya ajabu, na kizimba kilikuwa kitupu. Kwenye andiko, mtaalamu wa samaki, Hooper, alitakiwa kufia ndani yake. Lakini picha ile haikuweza kuachwa, na ndani yake hapakuwa na mtu. Basi andiko likabadilishwa: Hooper anatoka kizimbani, anajificha chini, na anaishi hadi mwisho wa filamu.

Filamu iliokolewa tena kwenye chumba cha uhariri cha Verna Fields, ambaye alipata Oscar kwa kazi hiyo. Bruce alionekana wa kutisha kwa nukta chache, kisha akaonekana kuwa mpira na chuma. Fields alikuwa na mkono wa kukata kabla ya hapo. Spielberg alitaka kuongeza kidogo kwenye picha zilizomgharimu jasho la siku nzima, Fields akakata. Mkono huo ndio uliomfanya papa awe hai.

Kazi ilipokaribia kukamilika, Spielberg aliona kuna mahali angeweza kupata yowe moja zaidi kutoka ukumbini: pale Hooper anapopiga mbizi usiku na kukagua mashua iliyotobolewa, kichwa cha mvuvi aliyekufa kingetokea ghafla kwenye tundu. Studio haikutaka kutoa hata senti nyingine. Akatoa dola 3,000 zake mwenyewe. Walipiga kwenye bwawa la kuogelea la nyumbani kwa Fields, wakalifunika ili kuwe na giza, na wakamwaga maziwa ya unga majini yaonekane na ukungu wa bahari. Yowe likapatikana, watu wakaruka kwenye viti. Lakini Spielberg, aliyekuwa akisikiliza kumbi moja baada ya nyingine, akagundua jambo jingine. Papa anapoibuka kwa mara ya kwanza nyuma ya mkuu wa polisi anayetupa chambo, yowe la watu lilikuwa limepungua karibu nusu. Kichwa bwawani kilikuwa kimewafundisha wasiiamini filamu tena, na sasa walikaa wakijilinda. Aliyapima mayowe hayo mawili, na akaamua kichwa kibaki.